Sitara ya Muislamu: Kuitunza Nguo na Kuitengeneza Ichakaapo

(Mazungumzo ya fundi wa cherehani mbele ya wanachama, Nakasero, Kampala)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Nilipoambiwa kwamba katika kitabu cha ukumbusho wataandika wanavyuoni juu ya elimu na juu ya historia ya dini yetu katika Uganda, nami nikatakiwa niseme neno, nilijibu kwamba mimi si mwanachuoni, mimi ni fundi wa cherehani. Nikaambiwa, "Basi tuambie ukijuacho." Nikijuacho ni nguo: jinsi ichakaavyo, jinsi ya kuizuia isichakae upesi, na jinsi ya kuirudishia heshima yake ikisha kuchakaa. Kama jambo hili laonekana kuwa dogo, nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, ndipo mhukumu.

Masheikh watanisahihisha nikikosea, lakini najua ya kwamba katika Sura ya Al-Aaraf Mwenyezi Mungu awakumbusha wanadamu neema ya nguo, ambayo kazi yake ni mbili, kusitiri na kupamba. Katika Sura hiyo hiyo twaamrishwa tujipambe tuendapo kusali, na papo hapo twakatazwa israfu. Mimi fundi nikiyatazama maneno hayo mawili yaliyowekwa pamoja, naona kwamba nguo safi iliyotengenezwa vizuri ndiyo iyatimizayo yote mawili. Aendaye msikitini na nguo iliyoraruka, ilhali anao uwezo wa kuishona, amepunguza amri ya kwanza. Naye atupaye nguo kwa sababu ya tundu dogo akanunua nyingine, hakuiangalia amri ya pili.

Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Alieleza kwamba alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake, na kufanya kazi za nyumbani kama wafanyavyo watu wengine. Kadhalika Anas bin Malik alisimulia jinsi alivyomwona Sayyidna Umar, naye wakati huo ni Amirul-Muuminin, amevaa nguo iliyotiwa viraka mabegani. Umar aliwatawala watu wa Sham na Iraki na Misri. Basi ni nani kati yetu awezaye kusema kwamba kiraka chamshushia cheo?

Walakini mtu asichukue habari hizo kuwa ni ruhusa ya kukaa ovyo. Imepokewa pia kwamba mtu mmoja alifika mbele ya Mtume na nguo duni, naye ni mwenye mali, akafundishwa kwamba neema aliyopewa na Mwenyezi Mungu yafaa ionekane juu yake. Kwa hiyo dini yetu haikusifu uchakavu. Iliyoisifu ni sitara, na usafi, na kiasi. Kiraka kilichoshonwa vizuri si aibu, bali uzembe ndio aibu.

Ndugu zangu, niruhusuni sasa niwakumbusheni nguo ilivyoingia katika nchi hii, kwani mtu asiyejua thamani ya kitu hawezi kukitunza.

Kabla ya pamba kuenea, watu wa Buganda walivaa lubugo, yaani nguo itokanayo na gome la mti wa mutuba. Mafundi wake wa asili ni watu wa ukoo wa Ngonge, na mkuu wao huitwa Kaboggoza. Gome huambuliwa wakati wa mvua, kisha hupondwa kwa nyundo za mti mpaka likawa pana na laini. Na shina lililoambuliwa haliachwi wazi. Hufungwa majani ya mgomba lisikauke, ili mti uote gome jingine na kuambuliwa tena mwaka mwingine. Gome likiwa na tundu, fundi hulitia kiraka cha gome lilo hilo, akalishona kwa uangalifu. Basi mnaona kwamba katika nchi hii kuitunza nguo kulianzia kwenye mti wenyewe, na kiraka kilijulikana kabla sindano ya kiwandani haijafika. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ufundi huo kuwa ni miongoni mwa hazina za wanadamu.

Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna wa Pili, na kwa wafanya biashara wa namna yake ndiyo yalikuja mambo mawili pamoja, Uislamu na nguo za pamba. Nguo iliyojulikana sana ni merikani, ambayo jina lake latueleza ilikotoka. Wafanya biashara wa Marekani waliileta Unguja kwa wingi, hasa baada ya mapatano ya mwaka 1833 baina ya nchi yao na Sayyid Said, na kutoka Unguja misafara iliichukua bara. Mwanawe Suna, Kabaka Mutesa wa Kwanza, alifuata mambo mengi ya Kiislamu na kuvaa mavazi ya Kiarabu, na leo kanzu ni vazi la heshima la Muganda wa dini yo yote, arusini na matangani. Wakristo wanaivaa nasi twafurahi, ila tusisahau ilifikaje.

Kisha mbegu za pamba zikaletwa mwaka 1903, wakulima wa Uganda wakailima mpaka ikawa mali kubwa ya nchi. Walakini kwa miaka mingi pamba ilikwenda ng'ambo kwa meli na kurudi imekuwa nguo, hata kilipofunguliwa kiwanda cha nguo cha Nyanza huko Jinja katika miaka ya 1950, karibu na umeme wa maporomoko ya Owen. Ndipo mkulima wa Busoga alipoweza kuvaa pamba iliyolimwa, ikafumwa, ikatiwa rangi, yote katika nchi yake.

Mimi niliingia katika kazi hii mwaka 1969, nikiwa kijana wa miaka 14. Mwalimu wangu alikuwa mzee wa Mombasa aliyeketi na cherehani yake katika baraza ya duka moja la nguo, si mbali na soko la Nakasero. Wakati huo kila baraza ya duka ilikuwa na fundi wake. Mteja hununua kitambaa ndani, akatoka nje akapimwa, na jioni akarudi kuchukua nguo yake. Mzee wangu alinifundisha kupiga bandi, na kunga pindo, na kutengeneza tundu la kifungo, na kutililia. Lakini somo nililolishika zaidi alinifundisha siku moja bila kugusa sindano.

Alikuwako mchukuzi mmoja sokoni, mtu mzima, aliyebeba mikungu ya matoke na magunia kutoka kwenye magari. Siku ya Jumatano alikuja na kanzu yake, nayo ilikuwa moja tu. Ilikuwa imeraruka kwapani na begani, na mahali pa kukalia palikuwa pamelika hata mwanga wapita. Mzee wangu alikuwa amekwenda kusali. Nami kwa ujana wangu na kiburi cha kujua kuendesha cherehani, niliinua kanzu ile mbele ya watu nikasema, "Mzee, hii si nguo tena, hili ni tambara. Nunua nyingine." Vijana wenzangu wakacheka. Yule mtu hakunijibu neno. Aliikunja kanzu yake taratibu kama vile ni mpya, akaitia kwapani, akaenda zake.

Ijumaa ile sikumwona msikitini, wala Ijumaa ya pili. Ya tatu mzee wangu akauliza, "Mchukuzi wetu yu wapi? Mgonjwa?" Mmoja wa wale vijana akamweleza yaliyopita. Mzee hakunipiga wala hakunitukana. Aliniambia, "Mwanangu, chukua sindano, uzi na kipande hiki cha kitambaa. Nenda ukamtafute. Usirudi mpaka umeishona." Nilimkuta nyuma ya soko, adhuhuri, anasali peke yake juu ya gunia, amejifunga shuka. Nilingoja akatoa salamu. Nikaomba radhi, nikaketi juu ya kreti tupu, nikaishona ile kanzu kwa mkono mpaka alasiri. Aliponiona nimemaliza alisema maneno haya tu: "Sikuwa na hasira nawe, mwanangu. Nilikuwa na haya tu kwenda safu ya mbele."

Ndugu zangu, tangu siku hiyo najua ya kwamba tundu katika nguo laweza kumtoa mtu katika jamaa. Huyo hakuacha kusali, lakini aliacha kusali pamoja nasi. Na sababu ilikuwa mimi, na kazi ya saa mbili ambayo nilikataa kuifanya.

Sasa nije katika kazi yenyewe. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Nguo haichakai siku moja. Kitambaa ni nyuzi za namna mbili, mtande uendao urefu na mshindio upitao katikati yake. Kila msuguano hukata nywele ndogo za uzi, hata uzi ukawa mwembamba, kisha ukakatika, na ukikatika mmoja jirani zake hubeba mzigo wake. Kwa hiyo dawa kubwa ya nguo ni kuitazama kabla haijatoboka. Iinueni nguo mbele ya dirisha. Mahali ambapo mwanga wapita kuliko pengine, hapo ndipo tundu la mwezi ujao. Tieni kipande cha kitambaa laini kwa ndani, mkishikize kwa mishono midogo, nayo itadumu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Adui wa kwanza wa nguo katika mji huu wa Kampala ni vumbi letu jekundu. Chembe zake ni kali, nazo hukaa kati ya nyuzi zikazikata kila mtu atembeapo. Kwa hiyo nguo ikung'utwe kabla ya kutiwa majini. Mkiitumbukiza na vumbi lake, mwalifanya kuwa tope na kulisugua ndani.

Adui wa pili ni jasho. Jasho likikaa kwapani na shingoni hubadilisha rangi na kuudhoofisha uzi. Kanzu iliyovaliwa siku ya jua isitundikwe ukutani kungoja Ijumaa ijayo. Ifuliwe, au angalau isuuzwe kwa maji safi na kuanikwa.

Adui wa tatu ni ufuaji wenyewe. Wengi huipiga nguo juu ya jiwe, wakadhani kelele ndiyo usafi. Lirowekeni doa, lipakeni sabuni, mlingoje. Subira hutoa uchafu kuliko nguvu. Na dawa za kung'arisha weupe zitumiwe kwa kiasi na kusuuzwa sana, kwa maana dawa iliyozidi hula pamba. Nimepokea kanzu nyingi nyeupe kama maziwa, nami nikizivuta kidogo zapasuka mikononi kama karatasi.

Adui wa nne ni jua na pasi. Nguo ya rangi ianikwe ndani nje, isipauke. Pasi ya makaa itazamwe cheche, na sahani yake ifutwe kwanza kwa kitambaa. Nguo yenye doa isipigwe pasi, kwani moto hulikaza doa lisitoke tena. Wala msiikunje kanzu yenye wanga katika mstari ule ule miaka yote, maana uzi uliokauka kwa wanga hukatika penye mkunjo. Hata hivyo pasi tusiiache, hasa kwa nguo za watoto. Yuko inzi katika nchi hii atagaye mayai juu ya nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia katika ngozi ya mtu na kuvimbisha kama jipu. Pasi yenye moto, ikipitishwa pande zote na hasa juu ya mishono, huyaua mayai hayo.

Adui wa tano ni unyevu. Katika miezi ya masika na ya vuli sanduku lisifungwe na nguo yenye ubichi hata kidogo, kwa kuwa ukungu hutia madoa meusi yasiyotoka. Lifungueni sanduku siku za jua, mzipeperushe nguo, kisha mzirudishe zikiwa zimepoa.

Adui wa sita ni wa siku hizi, nao ni bodaboda. Mwanamume huketi nyuma na kanzu yake, mwanamke na gomesi au abaya yake, na upindo ukaning'inia karibu na gurudumu na mnyororo. Nguo ikishikwa hapo hupasuka tangu upindo mpaka kiunoni, nayo heri ipasuke nguo kuliko mtu kuvutwa chini. Kusanyeni nguo, mzikalie pindo zake, kabla pikipiki haijaondoka.

Na liko jambo jingine lihusulo sala. Kanzu hupasuka mahali patatu. Hupasuka kwapani, kwa sababu twainua mikono katika takbira. Ndiyo maana mafundi wa zamani walitia kile kipande kidogo kiitwacho kikwapa kati ya mkono na taharizi, ili kitambaa kipate nafasi. Kanzu isiyo na kikwapa ni rahisi kushonwa na rahisi kupasuka. Hupasuka tena kwenye mpasuo wa ubavuni, na hapo fundi apige mishono mingi ya kukaza juu ya ncha ya mpasuo. Tena hupasuka penye upindo, kwa kuwa mtu huukanyaga ainukapo kutoka katika sijida. Dawa yake ni kuipima kanzu mtu akiwa amevaa viatu na akiwa hana, isiburure.

Kuhusu utengenezaji, nitasema machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya bila cherehani.

Mshono uliofumuka ni kazi nyepesi kuliko zote, wala msiungojee. Geuzeni nguo ndani nje, anzeni kushona nyuma kidogo ya palipofumuka na kumaliza mbele kidogo ya mwisho wake, ili uzi mpya uushike ule wa zamani.

Kifungo kisishonwe kwa kukazwa hata kikalala juu ya kitambaa. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, pitisha uzi juu yake, kisha iondoe, ukizungushe uzi chini ya kifungo mara kadhaa. Kifungo hicho hupata shingo, nacho hakivuti nguo mpaka ikatoboka.

Tundu dogo hutililiwa. Chukueni uzi wa unene na rangi ya nguo yenyewe. Anzeni mbali kidogo na tundu, katika kitambaa kizima, mkipitisha nyuzi za urefu kama mtande. Kisha mpitishe za upana kama mshindio, mara juu mara chini, kama mtu asukaye mkeka. Msivute sana, isije nguo ikajikunyata. Mwajenga kitambaa kidogo juu ya hewa, na asiyejua hatakiona.

Tundu kubwa hutiwa kiraka. Hapa makosa ni mawili. La kwanza ni kutia kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa. Kikifuliwa baadaye hunywea, kikaivuta nguo kuukuu na kuipasua zaidi. Basi kifueni kwanza. La pili ni kukikata kiraka kwa mshazari, ilhali nguo nyuzi zake zimesimama. Urefu wa kiraka uelekee urefu wa nguo. Na mahali pema pa kupata kiraka ni ndani ya nguo yenyewe, katika pindo pana au mfuko wa ndani, kwani hapo rangi imezeeka pamoja na nguo.

Kola ya shati ikilika juu, ifumueni, mwigeuze upande wa chini uwe juu, mwishone tena. Hiyo ni kola mpya bila gharama. Shuka la kitandani likilika katikati, likateni katikati kwa urefu, mwunganishe zile kingo mbili zilizo nzima ziwe katikati, na zile zilizolika mzikunge pembeni. Na nguo ya skuli ya mtoto iwe na upindo mpana tangu mwanzo, maana mtoto hurefuka na upindo hushushwa.

Haya si mambo ya maskini peke yao. Katika Vita Kuu ya Pili Serikali ya Uingereza iliwapimia raia wake nguo kwa kuponi, tangu Juni 1941 hata mwaka 1949, ikawachapishia watu vitabu vya kuwafundisha kutengeneza nguo za zamani. Matajiri na maskini wote walitia viraka. Na sisi hapa tuliyaona yetu. Mwezi wa Agosti 1972 Serikali ya Idi Amin iliwaamuru Waasia watoke katika muda wa siku 90. Mwenye duka ambaye barazani kwake ndipo nilipojifunzia, aliondoka na masanduku mawili. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, kitambaa kilikuwa adimu, sabuni ilikuwa adimu, na hata sindano ilikopeshwa nyumba kwa nyumba. Katika miaka hiyo sikushona nguo mpya nyingi, lakini nilitia viraka kuliko nywele za kichwa changu. Hakuna aliyeona haya, kwa kuwa sote tulikuwa sawa.

Baadaye zikaja mivumba, zile nguo kuukuu zitokazo ng'ambo kwa marobota, zikajaa soko la Owino. Sitazilaani, kwa maana zimewavika watu wengi wasio na uwezo. Lakini zimetufundisha tabia moja mbaya, kwamba nguo ni kitu cha kutupwa. Kijana huona tundu, akasema, "Nitapata nyingine." Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kupunguza uingizaji wa nguo hizo kidogo kidogo ili viwanda vyetu viinuke, na jambo hilo limeleta ubishi mwingi baina ya mataifa. Hayo nayaacha kwa wenye siasa. Mimi nasema hivi: iwe imetoka Jinja, iwe imetoka Uchina au katika robota, ikisha kuingia nyumbani mwako ni amana yako. Kuna mkulima aliyelima pamba yake, na mfumaji aliyeifuma, na mshonaji aliyekesha juu yake. Kuitupa kwa tundu la ncha ya kidole ni kuidharau kazi ya watu hao wote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakaribia mwisho, nami nina maombi manne.

La kwanza, kila nyumba iwe na kikasha chenye sindano nyembamba na nene, uzi mweupe, mweusi na wa kahawia, mkasi, kastabini, vifungo vilivyokatwa katika nguo zilizokwisha, na vipande vya vitambaa. Gharama yake ni ndogo, na faida yake haikomi.

La pili, watoto wa madrasa wafundishwe kushika sindano, wavulana na wasichana pamoja. Asiseme mtu kwamba hiyo ni kazi ya wanawake, maana nimekwisha kuwakumbusha ni nani aliyeshona nguo yake kwa mkono wake mtukufu huko Madina.

La tatu ni juu ya sadaka. Kila Ramadhani twakusanya nguo za kuwapa wenye haja. Nimezifungua nyingi kati ya furushi hizo. Nimekuta mashati yasiyo na kifungo, suruali zenye zipu mbovu, na kanzu zilizopasuka. Ndugu zangu, mwenye kutoa nguo mbovu hutoa pamoja nayo kazi ambayo yeye mwenyewe ameikataa. Tuzifue, tuzishone, tuzipige pasi, ndipo tuzitoe. Apokeaye aweze kuivaa siku ile ile, na kuingia nayo Idi bila kumtafuta fundi.

La nne ni langu mwenyewe, na si ombi, ni ahadi. Inshallah, kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri nitaketi penye kivuli karibu na mahali pa kutawadhia, pamoja na cherehani yangu ya miguu. Mwislamu ye yote mwenye nguo iliyoharibika, wa kiume au wa kike, na alete. Mwenye uwezo atatia atakacho katika sanduku la chama. Asiye na uwezo hataulizwa jina lake wala atokako, na nguo yake haitainuliwa mbele ya watu. Itakunjwa na kurudishwa mikononi mwake imekwisha, ili kesho yake, siku ya Ijumaa, asiwe na haya ya kusimama safu ya mbele.

Macho yangu sasa ni ya mzee, na kutunga uzi katika sindano kwanichelewesha. Kwa hiyo nawaomba vijana wawili au watatu waje wakae nami, wanitungie uzi, nami niwafundishe kazi. Nilimchekesha mtu mmoja mbele za watu nilipokuwa kijana. Nikiwaacha nyuma yangu vijana watatu wajuao kumsitiri, nitakuwa nimelipa sehemu ya deni lile.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na Akhera, azisitiri aibu zetu kama alivyozisitiri tupu zetu, awarehemu walimu wetu waliotutangulia, na akibariki chama chetu na wote wanaokitumikia. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.